Malalamiko Kuhusu Kudharauliwa kwa Pua Yangu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Pole na majukumu. Mimi ni mtunza stoo ya maabara ya kemia, mwaka wa ishirini na mbili sasa, yule anayeitwa Mzee Pua. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu mkuu wetu mpya wa maabara, Bi Glavu (jina tumempa sisi, hana habari nalo), aliyekuja kutufundisha uoga.

1. Ameamuru kwamba kemikali yoyote isiyojulikana ihesabiwe kuwa sumu kali mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mheshimiwa, hata mwizi wa kuku huhesabiwa hana hatia mpaka hakimu aseme! Chupa zangu zimekaa rafu ya juu kimya kimya tangu mende walipokula lebo zake. Zimemkosea nani?

2. Amepiga marufuku kunusa. Mwalimu akiniletea chupa asiyoijua, mimi hufungua kizibo, nikavuta pumzi moja ya kushiba, nikataja jina, nikafuta machozi, kazi imekwisha. Mashine anayoitaka yeye inahitaji umeme, mtaalamu na wiki tatu.

3. Wiki iliyopita nilinusa chupa tatu mfululizo. Zote hazikuwa na harufu hata chembe, nikaziandika MAJI kwa kalamu nene. Badala ya kunishukuru, alivaa glavu, miwani na aproni kama anayekwenda kumzalisha simba, akazibeba moja moja hadi kwenye kabati la kufyonza hewa, akapiga kufuli. Kufuli, kwa maji! Moja ilikuwa ikitoa moshi, nakubali, lakini asubuhi ile kulikuwa na baridi.

4. Ametupa bika yangu ya chai, ile bilauri ya maabara. Nimeinywea miaka tisa na sijafa hata siku moja.

5. Sasa anataka nihamishiwe stoo ya vitabu. Vitabu, Mheshimiwa! Nitavinusa nini? Nje ya maabara ile mimi ni mzee tu mwenye funguo. Imeniuma sana.

Kwa hiyo naomba Bi Glavu ahamishwe yeye. Lebo zote zilizobaki zibanduliwe, maana zinawadekeza vijana. Na pua yangu iingizwe kwenye orodha ya vifaa vya chuo, kati ya mizani na darubini, asiiguse mtu bila kibali chako.

Nisalimie katibu wako, dereva, na walimu wote wanaonikumbuka. Bi Glavu naye msalimie, kwa mbali, kama anavyopenda mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mzee Pua

Nyongeza: Jumapili binti yangu amejifungua, mjukuu wangu wa kwanza. Wanawake wa nyumbani wanasema utosi wa mtoto mchanga una harufu ambayo mtu haisahau. Nikapewa nimshike. Nikanusa utosi, nikanusa shingo, nikanusa mpaka akalia. Sikusikia harufu yoyote. Niliwaambia ananukia vizuri sana. Mheshimiwa, tafadhali muulize Bi Glavu, bila kunitaja, kama pua huwa inarudi.