Nyayo za Mtoto wa Fundi Viatu

Jumatatu, 3 Februari

Siku kubwa! Daktari Annika amefika kwetu Kaptumek na mashine zake na wenzake wawili wa kupima. Anatafuta watu wazima waliokua bila viatu, wanaoweza kukimbia mbali peku juu ya lami. Atakayeshinda atapelekwa kwao ng'ambo mwezi mzima, akawafundishe watu wa huko kukimbia peku. Mtu mmoja tu. Kwa ndege! Akafundishe kukimbia, jambo ambalo huku kwetu hata kondoo analijua.

Nimejiandikisha. Fomu iliuliza kama nilivaa viatu utotoni. Nikajibu kwamba nyumba yetu haikuwahi kuona kiatu. Anayetafsiri ni Mwalimu Jerotich wa shule ya msingi. Alinitazama, kisha akavitazama viatu vyake. Baba yangu, Mzee Cheboi, ndiye fundi viatu wa pekee hapa sokoni tangu kabla sijazaliwa, na viatu alivyovaa mwalimu mwenyewe vilipigwa soli na Baba. Akakohoa, kisha akatafsiri vilevile nilivyosema. Mwanamke mwenye heshima sana.

Waliuliza pia kazi ya baba. Nikasema mbuzi.

Jumanne, 4 Februari

Nimeanza mazoezi. Peku, kutoka kwangu hadi lami. Mita mia mbili. Nimerudi nikitembea kwa magoti.

Mke wangu Jemeli alikuwa anakama ng'ombe. Alicheka mpaka ng'ombe akapiga teke ndoo. Akasema, we Elkana, mtu anayevaa akala za tairi hata kwenda chooni, leo unataka kukimbia mbali juu ya lami, peku? Nikamwambia miguu ni mazoea. Akasema basi miguu yangu imezoea akala.

Ni kweli kwamba shule nzima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na viatu. Baba alinishonea kila Januari. Wenzangu waliniita Soli. Lakini hayo ni ya zamani, na Daktari hakuuliza jina la utani.

Nimeloweka miguu kwenye maji ya chumvi na mafuta ya taa. Jemeli amehamishia maziwa yake kwa jirani.

Alhamisi, 6 Februari

Nimechanganyikiwa. Leo Daktari alitueleza, kupitia Mwalimu Jerotich, kwamba aliyekua na viatu hutua kwa kisigino, na aliyekua peku hutua kwa mbele ya wayo. Mashine inaona. Kwa hiyo mashine ni mbea.

Nilikwenda nyuma ya ghala kujaribu. Kwa mbele: nilikuwa kama mtu anayenyatia kuku. Kwa kisigino: meno yaligongana. Kwa kati: nilianguka. Nikaanza kujiuliza, siku zote natuaje? Nilipoanza kuwaza hivyo, nikashindwa hata kutembea. Nilisimama hapo ghalani karibu nusu saa, mguu mmoja juu, bila kujua niuteremshe upande gani kwanza.

Yatich akanikuta. Huyu ni mtu wa rika langu, tulitahiriwa pamoja, tukakaa jandoni pamoja. Sasa ndiye mpinzani wangu, maana naye amejiandikisha. Hakuvaa kiatu mpaka siku ya harusi yake, na siku hiyo alivivua kabla ya chakula. Nikamwuliza yeye hutua kwa wapi. Akafikiri. Akasema, "Chini."

Hana msaada kabisa.

Jumamosi, 8 Februari

Leo kulikuwa na baraza. Daktari alitaka mashahidi, watu waseme mbele ya wote nani kati yetu alikua peku. Sikulala. Kaptumek nzima inanijua!

Lakini nilikuwa na hila. Sheria yetu inajulikana: mtu wa rika hamwaibishi mwenzake mbele ya wageni. Jana niliwapitia wenzangu wa rika wote watano nikawakumbusha jando, kisu na baridi ya mto. Yatich alinung'unika kwamba nafasi ni moja naye anaitaka. Lakini akasema rika ni rika.

Nilitarajia wanyamaze tu. Wamenimaliza! Yatich alisimama akasema Elkana alikuwa akikimbia kilomita kumi na mbili kwenda shule, kumi na mbili kurudi, juu ya mawe, amebeba mbuzi mgonjwa. Wa pili akasema mwiba ukinichoma, unaokatika ni mwiba. Wa tatu akasema moto wa jikoni kwetu ulizimwa kwa miguu yangu. Kila mmoja alitaka kumzidi aliyetangulia. Daktari aliandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Baba alikuwa amesimama nyuma, na aproni yake ya kazi. Sikujua kama angekuja. Alisikiliza yote. Kisha akageuka akaondoka, akichechemea kwa mguu wake mmoja mbovu. Daktari akauliza yule mzee ni nani, mbona anaondoka. Mwalimu Jerotich akanitazama. Watu wote wakanitazama.

Nikasema ni mpita njia.

Baadaye Daktari akatangaza kwamba mtu wa ajabu kama mimi hahitaji mtihani wa kilomita tano kama wengine. Nitakimbia ishirini. Jumatano, lami tupu, kutoka sokoni hadi ukingo wa bonde na kurudi. Yatich peke yake ndiye atakayekimbia nami, kwa kulinganisha.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Wakati wa kutoa sadaka nilikuwa bado nawaza mbele au kisigino. Nilikanyaga mguu wangu mwenyewe, nikamwangukia mzee wa kanisa. Watu walidhani nimeguswa na Roho, wakaanza kuimba.

Baba hakuja ibadani. Nilitaka kumpitia kumweleza kwamba ni mpango tu, na kwamba nikirudi na ndege atafurahi. Nilifika hadi mlango wa banda lake. Alikuwa anapiga msumari. Nikarudi nyumbani.

Jumanne, 11 Februari

Hila nzuri kuliko zote! Sijui kwa nini sikuiwaza Jumatatu ile. Mtoto wa fundi viatu ana nini? Ana ngozi!

Baba alipokwenda kunywa chai niliingia bandani nikachukua soli mbili za ngozi ya ng'ombe zilizokatwa tayari, laini, rangi ya kahawia kama yangu. Na kopo la gundi. Nyumbani nimezikata kwa umbo la wayo na vidole vyake vitano, nikazibandika chini ya miguu. Nikapaka gundi pia pembeni, nikanyunyizia vumbi jekundu juu yake. Huwezi kuona. Hata mimi mwenyewe nilipojitazama nilijiheshimu.

Jemeli akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia nauguza miguu. Akanusa. Akasema miguu inanuka kiatu kipya. Nikamwambia aende alale.

Alitoka akasimama mlangoni. Akasema kitu kimoja tu, kwamba leo amempelekea Baba uji, na Baba hakumwuliza habari zangu. Siku nyingine zote huuliza.

Nilikuwa nasubiri gundi ikauke.

Jumatano, 12 Februari

Naandika nimelala kifudifudi.

Tulianza saa nne asubuhi. Soko zima limejipanga kando ya barabara. Daktari na Mwalimu Jerotich nyuma ndani ya gari. Kilomita ya kwanza nilipaa! Soli zinapiga lami pa, pa, pa. Yatich kando yangu anakimbia kimya, hata hupati kumsikia. Akaniambia taratibu, rika langu, mbali bado. Nikampita. Watu wakapiga vigelegele. Daktari alitoa kichwa dirishani akapiga kelele kwamba hajawahi kuona wayo unaolia namna hiyo.

Lakini jua la Februari halina undugu na mtu. Lami ikaanza kuchemka. Na gundi ikichemka inafanya nini? Inakumbuka kwamba ilikuwa maji. Kilomita ya sita nilihisi mguu wa kushoto unateleza ndani ya mguu wangu. Kilomita ya saba soli ikabaki barabarani. Mimi nikaendelea mbele.

Gari likafunga breki. Daktari akaruka nje, akaona kile kitu kimelala juu ya lami, cha kahawia, umbo la wayo, vidole vitano, akapiga yowe. Alidhani ngozi yangu yote imebanduka! Wale wenzake wawili wakanikamata, wakanilaza, wakanifunga bendeji mpaka gotini. Akina mama wakaanza kulia. Nikaanza kulia na mimi. Nilifikiri, pengine ndiyo njia: aliyekimbia mpaka ngozi ikabanduka, si anastahili ndege kuliko mwingine yeyote?

Daktari akaiokota kwa koleo ndogo, kwa heshima, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. Akamkabidhi Mwalimu Jerotich aishike. Mwalimu akaigeuza. Upande wa ndani kulikuwa na maandishi ya kalamu ya wino, mwandiko wa Baba. Mwalimu akasoma kwa sauti, polepole, kama anasomea darasa la kwanza: "Mwl. Jerotich. Kushoto. Achukue Jumamosi."

Hata mbuzi wa barabarani walinyamaza.

Akamtafsiria Daktari. Safari hii hakukohoa.

Yatich hakuwa amesimama. Alifika ukingoni, akageuka, akarudi sokoni, kilomita zote ishirini, halafu akauliza Elkana yuko wapi. Ndiye anayekwenda ng'ambo. Walipomtaka aseme juu yangu, alisema mimi ni mtu mzuri sana na nilizima moto kwa miguu.

Soli ya kulia haitoki. Mafuta ya taa yameshindwa.

Jumamosi, 15 Februari

Baba amekuja.

Nilisikia mguu wake uani, hatua moja nzito, moja nyepesi. Nikajifunika blanketi mpaka kichwani. Aliingia, hakusalimu, akaketi kwenye kigoda miguuni pangu. Akaibandua ile soli ya kulia kwa maji ya moto na kisu chake cha kazi, taratibu, bila kunikata hata kidogo. Ilichukua muda mrefu. Akanipaka samli kwenye malengelenge.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunieleza maisha yangu yote. Alipokuwa na miaka saba alichomwa na mwiba wa mgunga akichunga mbuzi bondeni, peku. Mguu ukavimba, ukaoza, nusura ukatwe. Ndipo alipokwenda kujifunza ufundi kwa mtu mmoja wa mjini. Alisema hakutaka kuwa fundi viatu. Alitaka tu kwamba akipata mtoto, mguu wa mtoto huyo usije ukapata yaliyoupata wake.

Nililia. Kweli nililia, si kama Jumatano. Nikamwomba radhi kwa lile neno la barazani, na kwa ngozi, na kwa gundi. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Mzee Cheboi fundi viatu, na nitalisema mbele ya yeyote. Akaitikia kwa kichwa. Jemeli akaleta maziwa ya kibuyu, tukanywa wote watatu. Jemeli akasema amesikia kwamba Daktari atarudi Agosti kutafuta mtu wa pili.

Baba akatoa kamba mfukoni akaanza kunipima miguu, jozi mpya, hakusema ya nini. Alipima urefu, akapima upana, akafunga fundo.

Nikamwuliza kama anaweza kuvishona vya rangi ya ngozi, vyembamba, vyenye vidole.

Akaitazama miguu yangu. Nadhani alikuwa anahesabu vidole.