Koti la Marehemu na Vidonge vya Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Juni 1971
Nimepata akili! Mama mkwe, Bathsheba, alikatwa rovu, ule uvimbe wa shingoni, mwaka juzi. Tangu hapo humeza kidonge kila asubuhi, na mjane huyu analima kama trekta. Mimi nafikisha nusu kikapu cha majani chai, jirani yangu Machogu viwili, na wanawake kwenye kituo cha kuuzia chai wananicheka. Siri ni kidonge! Leo mke wangu Esnah amenituma hospitali ya misheni kuchukua dawa ya mamake. Nimeichukua. Ndani ya chupa yake nimetia vitamini za dukani. Vitamini ni chakula, atanenepa. Vidonge vyake nitameza mimi.

Jumatano, 23 Juni
Nguvu! Vikapu viwili, na usingizi sina haja nao. Mikono inatetemeka kidogo. Machogu ameniuliza kama nimeona chui. Wivu tu.

Alhamisi, 15 Julai
Jambo baya. Tangu upepo uezue paa lake, mama mkwe analala katika nyumba yetu ya jikoni, ng'ambo ya ua. Chinsoni, mila yetu ya heshima, hairuhusu mkwe kuingia alimo mama mkwe wala kumkodolea macho, kwa hiyo mimi husikia sauti tu. Leo humo jikoni nimesikia sauti ya mwanamume. Nzito, ya polepole. Imesema inasikia baridi. Esnah alikuwa sokoni Marani. Moyo umenipiga mpaka shati likatikisika.

Sabato, 31 Julai
Sauti tena, mchana kweupe, baada ya ibada. Inasikia baridi, ifunikwe. Naijua! Ni mzee Nyamweya, baba mkwe, tuliyemzika mwaka jana. Na koti lake ninalo mimi. Nililichukua matangani, watu wakila. Jasho jembamba! Nimemwuliza Esnah kama mamake anapokea wageni. Akawaka: mama anavimba uso na kusahau majina, nami nauliza wageni!

Jumanne, 3 Agosti
Jana nililitundika koti mlangoni pa jikoni, nikaomba radhi. Asubuhi hii, ukungu umefunika migomba, nimeliona linatembea. Polepole, likinijia. Juu ya kola, uso uliovimba, rangi ya nta, nyusi hamna. Kwa sauti ile ile limeniita Baba Orpah, kwa jina la binti yangu, likasema dawa haifanyi kazi. Nimekimbilia kwa Machogu. Naandika haya nikiwa juu ya dari yake.

Ijumaa, 3 Septemba
Alikuwa mama mkwe, ndani ya koti! Esnah alimkimbiza hospitali akiwa baridi kama jiwe, haamki. Daktari alisema bila kidonge kile mwili hupoa na sauti huwa nzito, na wangechelewa kidogo wangemzika. Akauliza nani alitia vitamini kwenye chupa.  Tangu hapo Esnah ananipakulia chakula bila neno. Nililia nyuma ya choo, sifichi.

Sasa mama mkwe anaimba jikoni, sauti yake ya kike imerudi. Mimi nasema ni koti. Mzee amelipata, ameridhika. Vidonge vipya Esnah amevificha katika mfuko wa koti hilo, maana anajua naliogopa.

Lakini vidonge vyangu vimeisha, nimerudi nusu kikapu, na Machogu anacheka. Kesho wote watakuwa kanisani. Koti litabaki msumarini jikoni. Chinsoni inakataza kuingia alimo mama mkwe, naye hatakuwemo. Vitamini ninazo bado. Nitachukua nusu tu. Mimi si mtu mbaya.