Spana Huvutwa Demani

Jumamosi, 5 Februari 1955

Nina lori! Mimi, Fadhil wa Mkomani, mji wa kisiwani ambao punda wawili wakikutana njiani mmoja hurudi nyuma. Wenye kejeli wamekwisha kuanza barazani. Eti litavuka kwa kuogelea? Halitavuka. Litakaa Mokowe, ng'ambo, penye barabara ya bara, nami nitavuka kwa mashua kila asubuhi kama mwenye shamba lake. Watu wa mji huu hawaoni mbali.

Nimebadilishana na Bwanamkuu wa Chundwa, nahodha. Yeye alilipataje, kwao Pate ambako hakuna hata gari la kukokotwa? Sikuuliza. Ni masalio ya jeshi, na kuendesha nilijifunza Mombasa wakati wa vita. Yeye nimempa cherehani.

Cherehani ni ya Khairiya, mke wangu. Nitamwambia kesho, kwa utaratibu.

Jumapili, 6 Februari

Jirani amemwambia kabla yangu. Utaratibu haukuwepo.

Khairiya amechukua mto wake na birika lake la kahawa, amekwenda kwa mamake, Bi Mwanatumu, mtaa wa pili. Nikamfuata. Mama mkwe alinizuia mlangoni. Akasema Alhamisi ni arobaini ya kuzaliwa mtoto wa Rahima, dada yake Khairiya, aliyeolewa kijiji cha Hindi, huko bara. Ikiwa nilichonunua ni gari, basi liwapeleke. Wakifika kabla maulidi hayajaanza kusomwa, Khairiya atarudi kwangu. Wasipofika, Jumamosi twende sote kwa kadhi, niandike talaka.

Nikauliza Khairiya mwenyewe asemaje. Sauti ikatoka ndani: asema hayo hayo, na mengine hawezi kuyasema mbele ya mamake.

Na nani alikuwa amekaa dakani, kibarazani mwa mlango, miguu kainyoosha, anakunywa kahawa kwenye birika lile lile? Hamdun! Binami yake Khairiya, aliyetaka kumposa kabla yangu. Ana punda Mokowe. Akasema kwa upole kabisa kwamba punda wake wako tayari, pindi likitokea la kutokea. Nilikuwa nimemchukia kidogo. Sasa nimemchukia upya.

Litafika Hindi. Lisipokwenda kwa magurudumu nitalisukuma kwa kifua.

Jumatatu, 7 Februari

Mokowe. Lori likawaka! Likatembea! Likafika penye godauni la nazi, likakohoa, likazima. Petroli haifiki kwenye injini.

Bahati yangu, Bwanamkuu alikuwa gatini anapakia. Akaja, akainama, akanusa. Chujio la petroli limeziba, akasema. Ni kikombe cha chuma kilichoning'inia ubavuni mwa injini, chini yake kuna kichwa cha kutilia spana. Kifunguliwe, kioshwe, kirudishwe, basi. Ila kimeshika kutu, kitataka nguvu. Nikamuuliza spana naivuta wapi. Akasimama kando ya lori, pua ya lori imetazama upepo, akanyoosha mkono kuelekea nyuma. Vuta demani, akasema. Kisha akakimbilia chombo chake maana maji ya bahari yalikuwa yanatoka.

Demani! Nilipenda. Fundi wa Mombasa angesema kulia au kushoto. Kulia kwa nani? Nikikugeukia, kulia kwangu ni kushoto kwako, tumegombana. Lakini upepo ni mmoja kwa wote. Utokako ni joshi, uendako ni demani, na hilo hata anayenyonya analijua.

Jua lilikuwa kali mno, boneti inaunguza mkono. Nikatumia akili. Nikawaita wachukuzi, tukaligeuza lori zima, nyuma ikawa mbele, injini ikaingia kwenye kivuli cha godauni. Sasa upepo unalipiga mgongoni na mimi nafanya kazi kwenye baridi. Wengine wangeungua hapo mpaka jioni.

Jumanne, 8 Februari

Nimevuta demani. Kimya.

Nimevuta demani kwa mikono miwili na mguu umekanyaga gurudumu. Kimya. Nikachomeka bomba la chuma kwenye mkono wa spana uwe mrefu. Nikavuta demani mpaka nikaona nyota adhuhuri. Kikombe kikalia kidogo, kwii, nikafurahi. Halafu kikawa kigumu kuliko mwanzo! Kutu hii ina ukaidi wa kipekee.

Nikatia mafuta ya nazi. Nikatia samli, nimeitoa jikoni kwangu, mtungi mzima. Nikamwagia maji ya moto. Yakanimwagikia mguuni, nikajipaka samli iliyochuruzika.

Mchukuzi mmoja, Amini, akasema kwa nini nisijaribu kuvuta upande wa pili. Nikamtazama kwa huruma. Nikamweleza kwamba upande wa pili ni joshi, na nikivuta joshi nitakuwa nakaza. Akasema haya, bwana. Mtu akikosa kukulia baharini hana wa kumlaumu.

Hamdun akapita na punda wake. Akauliza kama ni lori au ni kibanda, maana akitaka kununua njugu ajue pa kubisha hodi. Wachukuzi wakacheka, mpaka wale niliowapa halwa.

Nimerudi nyumbani. Nyumba kimya. Sikujua kuwa ule mlio wa cherehani, ninaoulalamikia kila siku wakati wa kulala mchana, nilikuwa naupenda.

Jumatano, 9 Februari

Siku ya nguvu. Nimeazima kapi na kamba kutoka chombo kimoja gatini. Kamba nimeifunga kwenye mkono wa spana, kapi kwenye nguzo ya godauni, upande wa demani, na wachukuzi sita kwenye kamba. Harambee! Lori zima likainama kama ng'ombe anayetaka kulala. Nguzo ya godauni ikainama vilevile. Mwenye godauni akatoka. Maneno yake siyaandiki.

Kikombe hakikutikisika.

Alasiri Bi Mwanatumu na Khairiya wakavuka, na vikapu vya visheti na mikate ya mofa, walale kwa jamaa wa Mokowe ili waondoke mapema. Punda wa Hamdun walikuwa wameshanyooshewa matandiko, kama wanaokwenda kuoa wao. Khairiya akapita karibu yangu. Ndani ya buibui niliyaona macho tu. Akatazama mguu wangu ulioungua, akauliza nimeutia nini. Nikasema samli. Akauliza samli ipi. Nikasema ile ya mtungini. Akasema ile ilikuwa ya pilau ya arobaini, akaenda zake.

Lakini ameuliza mguu! Mwanamke anayetaka talaka haulizi mguu. Naogopa kumkosa, nakiri. Kesho kikombe hiki kitafunguka au nitakitafuna.

Alhamisi, 10 Februari

Nimevuta demani tangu baada ya sala ya alfajiri. Jua likatoka, Hamdun akaanza kupakia vikapu. Mama mkwe keshainua mguu apande. Hapo nikafanya jambo zito kuliko yote maishani mwangu. Nikamwomba Hamdun aniazime punda.

Akakubali papo hapo, meno yote nje. Alitaka kuona. Nikaifunga kamba ya spana kwenye matandiko ya punda, nikamwelekeza demani, nikampiga kofi la mgongo. Punda akatazama demani. Hakukuwa na kitu kule isipokuwa mimi. Akageuka joshi, kulikokuwa na gunia la pumba la Hamdun, akachomoka mbio.

Tak! Kikombe kikafunguka!

Kikaruka na petroli yake yote, ikamwagikia Hamdun kwenye kanzu aliyoivaa kwa ajili ya arobaini. Punda akafika kwenye pumba na spana inamfuata nyuma. Nilitaka kulia kwa furaha, nililia kidogo.

Bi Mwanatumu ni binti wa nahodha. Akaja taratibu, nikamweleza agizo la Bwanamkuu, naye akauliza siku alipolitoa, upepo ulilipiga lori wapi. Nikasema puani. Na sasa? Nikasema mgongoni, kwa sababu nililigeuza, kwa akili yangu, nipate kivuli. Akavuta pumzi ndefu. "Hayo mato yako yaona nini, Bwana Fadhil? Uligeuza lori, upepo hukuugeuza. Demani ya nyuma imekuwa ya mbele. Siku zote hizi wakaza!"

Amini akaangalia ardhi kwa adabu. Nikamfahamisha mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba amekosea. Kikombe kilikuwa kimeshalegea kwa kuvutwa demani siku nne. Punda alimalizia tu, tena kwa bahati, tena kwa upande mbaya. Mama akajifunika uso kwa buibui. Mabega yakawa yanatikisika. Nadhani aliguswa.

Ndani ya kikombe kulikuwa na tope na mchanga wa kutosha kupandia mchicha. Nikaosha, nikarudisha, nikafunga kwa mkono tu. Lori likawaka kwa mara moja! Mama mkwe alikaa mbele, kati yangu na Khairiya. Hamdun nyuma na vikapu.

Tumefika Hindi wakati wanatandika mikeka. Maulidi hayajaanza! Chetezo cha udi kilipopitishwa, wenyeji walimnusa Hamdun, wakamwomba akakae mbali, chini ya mbingu peke yake, asije akawaka. Maulidi mazuri kuliko yote niliyowahi kuhudhuria.

Ijumaa, 11 Februari

Khairiya amerudi nyumbani, mto mkononi, birika mkononi! Ametia sharti moja. Kitu chake nisikiguse tena bila kumwambia kwanza, hata kiwe kidogo namna gani. Nikaapa. Akanipaka dawa mguuni. Akasema mimi ni mjinga lakini si mtu mbaya, nami nimeridhika na sehemu ya pili.

Jumamosi, 12 Februari

Mokowe mapema. Nimetafakari sana yaliyotokea. Elimu isiyoandikwa hupotea, na siku moja kikombe kitaziba tena. Nimeamua kuandika maelezo kwenye mlango wa lori, kwa herufi kubwa, kila fundi ayaone: KUFUNGUA CHUJIO, VUTA DEMANI. Pembeni mshale, unaoonyesha demani.

Rangi sikuwa nayo. Nimetumia hina ya Khairiya, ile aliyopewa na mamake kule Hindi. Imetosha barabara, haikubaki hata kidogo. Sijamwambia, alikuwa amelala na sikutaka kumsumbua kwa jambo dogo.

Maandishi yamependeza. Amini ameyasoma mara mbili, akauliza swali ambalo sikulisikia vizuri. Sasa jua limepanda na hina inataka kukauka polepole. Nimewaita wachukuzi waligeuze lori kivulini.