Kinga Nyekundu na Ostia za Mulekera

Butembo, siku ya kwanza (lundi, Jumatatu), tarehe 2 mwezi wa saba 2001

Habari kubwa! Masere Germaine, ule mutawa anapikaka ostia, mikate ya komunio, ya parokia zote za huku, anatafuta kijana wa kinga, mwenye baiskeli. Malori hapana kwenda tena Beni juu ya vita. Na siku ya Mungu batoto makumi nane ba Mulekera, kule Beni, banapokea komunio ya kwanza. Bila ostia, padiri atabapatia nini? Mandazi?

Masere alisema: mwenye atafikisha ostia nzima, hazikubomoka, njo ataandikiwa karatasi ya parokia. Na kashe, muhuri wa padiri! Ukiwa na ile kashe, ku bariere ya njiani basoda, baaskari ba vita, banakuachilia upite.

Miye, Malachie, naitaka ile karatasi kuliko chakula. Mwezi uliopita basoda balinikamata ku njia ya soko. Siku tatu nabeba bidon zabo za maji. Kurudi nyumbani, nakuta bajirani balishaleta kuni za matanga yangu. Mama Rébecca alinipiga kofi, kisha akalia, kisha akanipiga tena. Toka pale, nikichelewa tu kidogo, yeye hapana kula mupaka nirudi.

Na kinga gani iko kama yangu? Vetete ya kweli, ya milima, vitesse (gia) kumi na nane! (Tatu njo zinatumika.) Muzungu wa kahawa aliiacha kwetu mu 1998, akasema anarudi kisha wiki mbili. Bado nahesabu.

Mupinzani: Mathe peke yake. Kinga yake ya China, imefungwa matambara kama kidonda, tope mupaka ku kiti. Nilimuuliza kama ile ni kinga ao mugonjwa. Alijibu ni mugonjwa, patron, lakini anatembea.

Masikini.

Siku ya pili, tarehe 3

Nilipeleka vetete kwa fundi Syauswa, nyuma ya soko. Nilimwambia anipambie. Muzee aligusa freni, breki zangu, akacheka peke yake. Akasema raba zimekwisha, chuma inakula chuma. Akasema: tia freni kwanza, kisha mipira, kisha urudi nyumbani ulale. Bingine byote ni pomada ya mudomo.

Nilimuuliza alisomea wapi.

Ostia hapana kuvunjika juu ya freni. Inavunjika juu ya mitikisiko! Donc inaomba amortisere, kitu ya kumeza mitikisiko. Mwenye akili anatafuta resori, springi za chuma. Na resori iko wapi mu Butembo? Mu fotei ya mama, ile kiti ya bageni. Nilitosha resori ine ndani yake. Nikarudisha kitambaa juu vizuri. Hapana mutu atajua.

Siku ya tatu, tarehe 4

Asubui sana alikuja Kasika, katekista, kumusalimia mama. Alipewa fotei ya bageni. Alikaa. Akapotea. Niliona tu magoti mawili na kitabu ya nyimbo. Mama aliniangalia. Nilikumbuka nina safari.

Safari ya kweli, tena! Masere alitujaribu mupaka Musienene, kila mutu na kopo moja ya ostia mia. Resori nilizifunga chini ya kopo. Ku kila shimo, kopo ilipanda juu kama mutoto anayeshangilia. Nilijisikia ingénieur.

Kule Musienene, mbele ya bamama ba viazi, Masere alifungua. Mathe: mia, moja imepasuka. Miye: kumi na moja nzima, bingine byote bipande. Nilimwonyesha Masere kwamba kwa hesabu nimemupita Mathe mbali, juu niliondoka na mia nikafika na karibu mia tatu. Alifunga macho. Nazani alikuwa anaomba.

Mathe alikuwa amefunga kopo yake mu kitenge ya mama yake, ku kifua, kama mutoto. Hakuna ata mashini moja! Aibu.

Lakini Masere ana roho. Alisema njia ya Beni ni mubaya, hapana kutia ostia zote ku kinga moja. Siku ya posho, tarehe 7, tunaenda bote wawili, kila mutu peke yake, kila mutu na kopo mbili. Mwenye ataleta zake nzima, karatasi ni yake.

Siku ya ine, tarehe 5

Nilimuchunguza Mathe. Alikuwa anaosha kinga yake ku muto, nilijificha mu matete. Ajabu! Chini ya tope: freni mupya. Chini ya matambara: mipira mupya, meno ya gia yote. Kisha akamaliza kuosha, akachota tope, akapaka tena byote! Na tope ku kengele pia.

Nimemuelewa. Ana haya. Mutu mwenye kukosa uhakika anafichaka bitu byake bizuri. Namuhurumia.

Siku ya tano, tarehe 6

Amortisere basi. Nimeelewa kosa yangu: kinga haina heshima. Soda akiona kinga ya mukubwa, anajua ni mukubwa anapita.

Rangi nyekundu, yote, mupaka mnyororo. Retro mbili, vioo bya piki-piki. Maua ya plastiki ku magurudumu. Klakson ya kupiga honi. Nyuma niliandika CHUI. Syauswa alipita, akauliza freni iko wapi. Nikamwonyesha klakson. Akasema rangi hapana kusimamisha kinga. Wivu wa bazee!

Mama alisema nikisikia risasi nitupe kinga nikimbie. Nilimwambia rangi haijakauka.

Siku ya posho, tarehe 7

Naandikia huku ku bariere. Bado mbali kidogo kufika Beni. Niandike haraka.

Kutoka Butembo, miteremuko mingi. Nilishuka kama mwewe! Nafunga freni: inaimba tu. Nafunga na kiguu: sandale ya kuume ilikwisha ku kona ya kwanza, ya kushoto ku kona ya pili. Ku bariere kuna kamba. Nilipiga klakson. Kamba haikusikia.

Nilisimama mu sufuria ya sombe, majani ya muhogo ya basoda.

Bunduki tano. Nilisema parokia, parokia! Lakini kaporali wabo, Tshibangu, mutu wa Kasai, aliangalia kinga tu. Aliizunguka mara mbili. Aligusa maua. Akaniuliza kwa Lingala nani alipaka hii rangi. Nilisema ni miye. Akanipa mukono!

Kisha akaniambia siri ku sikio: hajui kupanda kinga. Nimufundishe, sasa. Alinipa bunduki nimushikie. Niliogopa kuliko wakati alikuwa ananielekezea.

Tulienda, tukarudi. Miye nyuma, nashika kiti, nakimbia miguu tupu. Njo Mathe akatokea, pole pole, na mugonjwa wake wa tope. Basoda balimuambia apite mbio na ile uchafu yake. Alipita. Alinisalimia: asubui njema, patron, umeshapata shofere!

Kaporali aligeuka kumuangalia. Ukigeuka kabla ya kujua kinga, unaanguka. Alianguka juu ya kopo zangu, nilizotua kando ya njia. Zote mbili. Ostia zikajaa mu majani.

Basoda balikuja mbio kuangalia.

Tshibangu akatosha bere, kofia yake ya soda. Akapiga magoti. Bengine bakapiga magoti. Banawaza ni Mwili wa Bwana! Ile saa ningesema tu: simameni, padiri hajazibariki bado, ni unga na maji. Ningeokota nusu, ningeenda, jua ilikuwa bado juu.

Lakini basoda batano, magoti chini, mbele yangu! Bale benye kunibebesha bidon! Nilijisikia kuinua mukono. Nikaubariki ule mugongo wa kwanza. Kisha wa pili.

Sasa Tshibangu amesema hapana mutu kutoka hapa mupaka kipande cha mwisho kiokotwe. Bako ku magoti toka saa sita. Banaokota na ncha ya kidole, kimoja kimoja, banatia mu bere. Jua inashuka. Siwezi kubaambia tena. Bataniua, na kwa haki.

Mulekera, siku ya Mungu, tarehe 8

Nilifika misa imekwisha. Batoto nje, bamevaa bweupe, banakula mikate. Ostia za Mathe njo zilitosha batoto na bazazi babo bote: padiri alikata kila moja mara mbili. Masere, aliyeletwa na piki, alipokea bere ku mikono yangu. Unga, majani, siafu moja. Alitoa siafu kwanza, akaiachilia mu majani.

Kisha, bahati mubaya: Tshibangu naye alikuja kusali. Aliuliza mbele ya batu bote abbé, ule padiri wa kinga nyekundu, ako wapi, anataka kuungama.

Karatasi, alipewa Mathe. Kashe iliita paa!

Butembo, siku ya tatu, tarehe 11

Mathe alifika nyumbani. Alikaa mu fotei, akazama, hakucheka. Aliniambia kazi ni kubwa kwa mutu moja, na alishaongea na Masere: jina yangu inaweza kuandikwa chini ya yake, karatasi moja, kashe moja. Masere anaomba bitu bibili tu. Nifunge freni mupya. Niondoshe ile rangi. Aliniletea ata raba ine za freni, mupya, za kwake mwenyewe. Mama Rébecca alimushika mikono yote mibili, hakumuachilia. Siku ya tano Masere anakuja kuangalia.

Nilifikiri sana. Mathe ni mutu muzuri, lakini haoni mbali. Kosa haikuwa rangi. Kosa ilikuwa nyekundu. Nyekundu inaita soda acheze. Mukubwa wa kweli, ata altare, ni dhahabu!

Ku soko kijana moja alikubali tubadilishane: yeye raba ine za freni za Mathe, miye kopo nzima ya rangi ya dhahabu, na burashi ya kupakia. Siku ya tano Masere ataona.