Barafu Yangu na Mwalimu Brightson

Jumanne, 6 Mei
Mvua imeingia ndani tena. Bi Mwanakombo, mwenyekiti wetu wa mtaa hapa Chang'ombe, ameitisha mkutano keshokutwa tuelezwe kwa nini hali ya hewa imeharibika hivi. Na nani atatueleza? Brightson! Mwalimu wa jiografia, mgeni, hata hatujamzoea. Atazungumzia zama za barafu. Barafu! Fundi friji wa mtaa huu ni nani kama si mie? Hakuna aliyenigongea mlango.

Ningevumilia. Lakini Najat wa duka la vitenge, ambaye nitamposa siku nikipata ujasiri, anasema anausubiri mkutano kwa hamu. Ana shati safi huyo Brightson. Hana kingine.

Alhamisi, 8 Mei
Nimekaa mbele, makusudi. Brightson akasema barafu ilishawahi kufunika nchi za kaskazini, ikarudi nyuma, ikaja tena. Eti dunia huyumba kidogo kidogo katika kulizunguka jua, maelfu ya miaka, na kuyumba huko ndiko kulikoileta na kuiondoa barafu. Joto la sasa limekuja mbio mno, na chanzo ni moshi wetu: magari, viwanda, misitu tunayokata tupate mkaa. Kusema kweli nilimwelewa. Nilishaanza kukubali. Kisha nikamwona Najat akiitikia kwa kichwa. Nikasimama.

Nikauliza: hiyo barafu ya kale ilipoyeyuka, nani alikuwa na gari? Makofi! Utamu ulioje!

Brightson akatabasamu. "Fundi, radi imechoma nyumba tangu enzi na enzi. Ina maana hakuna binadamu anayechoma nyumba?"

Watu wakaangua kicheko. Najat alicheka mpaka akajifuta machozi. Ugali umenishinda leo.

Ijumaa, 9 Mei
Kesho mkutano unaendelea. Nitapeleka bonge la barafu, niliweke mezani, liyeyuke lenyewe mbele ya watu bila moshi wowote. Aseme nini tena?

Jumamosi, 10 Mei
Balaa! Bonge likawekwa. Nikatangaza: tazameni, hapana gari, hapana kiwanda. Sikuona kwamba Bi Mwanakombo amesogeza jiko lake la mkaa upande wa pili wa meza, anachemsha chai. Upande wangu ulidondosha matone tu. Upande wa jiko ukabonyea, ukapasuka, na bonge lililobaki likateleza juu ya maji yake hadi mapajani mwangu. Nilipiga ukelele usiofaa kuandikwa.

"Mmeona?" Brightson akasema. "Joto la kawaida linayeyusha polepole. Moto tuliouwasha sie wenyewe ndio unaoharakisha. Ahsante sana, Fundi Talha. Mie nisingeweza kueleza vizuri hivi."

Wakasimama kunishangilia. Wanamkubali yeye kupitia suruali yangu!

Nje, Najat akanipa khanga nijifute. Akaniambia Brightson ana mke na anampenda mno. Akauliza kwa nini namchukia mtu aliyenisifu. Nikaikamua suruali. Akatazama chini, akasema kesho alasiri shangazi yake, Bi Zubeda, atakuwepo nyumbani, na mwenye jambo la kusema aje aliseme.

Jambo! Alhamdulillahi! Wivu basi. Brightson ni ndugu yangu.

Jumapili, 11 Mei
Kanzu nimeipiga pasi, manukato nimejipaka. Nikiwa njiani kwa Bi Zubeda, kinyozi Mashaka akanisimamisha. Eti Brightson leo anazungumza mtaa wa Kipawa, kuhusu volkeno: zikilipuka, vumbi lake huziba jua na dunia hupoa kwa muda. Eti amemchukua Petro fundi bomba kuwa msaidizi wake.

Petro! Mtu asiyeweza hata kuwasha kibiriti amepewa volkeno!

Naandika haya Kipawa, kiti cha mbele kabisa, mfuko wa majivu ya kuigiza volkeno miguuni. Shangazi ni mtu mzima, ataelewa. Simu inaita. Najat. Inaita tena. Nimeizima, maana Brightson ameanza kusema na mkono wangu uko juu tayari.