Maji Moto kwa Gharama ya Mbuzi Mmoja

11 Novemba, Jumatatu

Leo nimeamua. Chama chetu cha malwa, ile pombe ya wimbi, pale kwa Mama Abbo, nje kidogo ya Tororo, kinaendeshwa kizamani. Nitakiokoa, wapende wasipende. Chungu kimoja katikati, watu wanane, mirija minane mirefu, na Mama Abbo anazunguka na birika kutuongezea maji moto huku ameshika kiuno. Mgongo unamuuma. Malwa inapoa. Na watu wameridhika!

Mimi ni fundi wa mabomba. Tena si fundi hivi hivi: Septemba nilihudhuria mafunzo ya siku moja kule Busia, ya uhandisi wa mifumo. Mwalimu alisema mfumo mzuri humpa mtu kile anachokithamini, kwa gharama anayoimudu. Akaanza kueleza jinsi ya kutambua watu wanathamini nini. Hapo ndipo chai ilipoletwa, nikatoka mapema kuwahi mandazi. Lakini kiini nilikipata.

Nimewauliza wenzangu wanataka nini. Mzee Ojangole, mwenyekiti wetu, anataka malwa iwe moto hadi mwisho. Mama Abbo anataka mgongo upumzike. Olweny, fundi wa baiskeli, hasimu wangu tangu aliposema bomba nililofunga kanisani linakoroma kuliko waumini, alisema yeye hataki kitu. Birika linatosha. Eti likipita, kila mtu huinua uso na maneno hupatikana. Hilo sikuliandika. Maneno hayapimwi kwa futi.

12 Novemba, Jumanne

Nimewasilisha mpango. Pipa la maji juu ya moto, bomba, na kila mwanachama ndoo yake ndogo ya malwa yenye mfuniko, maji yanamfikia hapo alipo. Hakuna kungoja birika. Hakuna kumwangalia jirani anavuta kiasi gani.

Mzee Ojangole akauliza, "Sasa Bwire, hii maneno itakula nini?" Nikamjibu: mbuzi. Yule wa Krismasi, chama kilimnunua, amefungwa nyuma ya jiko. Olweny akasema mbuzi hajawahi kumkosea mtu.

Walikubali kwa sababu moja. Jumapili tunatembelewa na chama cha Iyolwa, na mwaka jana hao watu walitutambia viti vyao vipya mpaka tukakosa pa kutazama. Ila mzee ametoa sharti: mfumo ukishindwa, ninamrudisha mbuzi na mrija wangu unaondoka.

Mrija si jambo dogo. Mimi ni Msamia, nimetoka Busia upande wa Kenya. Tulipohamia hapa na mke wangu Nerima sikuwa na mtu wa kunisalimia kwa jina. Mzee Ojangole ndiye aliyenipa mrija ule kwa mkono wake. Mwenye mrija kwa Mama Abbo si mgeni tena. Nilikubali sharti haraka kwa sababu haliwezi kutokea.

14 Novemba, Alhamisi

Mbuzi ameuzwa. Nimeshinda Busia kwenye maduka ya vifaa. Pipa peke yake limemeza miguu ya nyuma. Bomba la chuma lilitaka mbuzi wa pili mzima. Wafanyabiashara hawana haya.

Hapa ndipo uhandisi unapoonekana. Nikapunguza. Badala ya bomba la chuma, mpira wa kumwagilia bustani, tena mfupi. Badala ya koki nane, vibanio vya nguo, unabana mpira, maji yanasimama. Badala ya kipimajoto, kidole changu. Zikabaki ngozi na pembe, nikanunua taa nyekundu ya kuwaka na kuzima maji yakichemka, na rangi ya kuandikia ubao: MFUMO WA BWIRE.

Nerima ametazama mzigo, akauliza kama taa inanyweka. Huyu hakuhudhuria mafunzo.

15 Novemba, Ijumaa

Majaribio. Kwa jumla, mafanikio. Taa imewaka vizuri mno.

Mpira ulilegea kidogo kwa maji ya moto, ukalala kama utumbo. Na kwa kuwa ni mfupi haukuweza kuzunguka, kwa hiyo nimepanga viti vyote mstari mmoja kuelekea ukuta, mpira unapopita. Nafasi katikati imebaki tupu. Usafi mtupu.

Ndoo ya kwanza ilipata maji ya moto, ya mwisho ya uvuguvugu. Ya mwisho ni ya Olweny, nilihakikisha. Alionja, akasema ameziba pancha nyingi maishani lakini hajawahi kunywa hata moja. Mama Abbo alicheka mpaka akasahau mgongo. Nimemweleza kuwa ladha ya mpira itaisha mpira ukizoea.

17 Novemba, Jumapili

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nitaeleza kwa usahihi.

Baada ya ibada tulikaa kila mtu kwenye ndoo yake. Maji yalikuja. Malwa ilikuwa moto. Kila kitu nilichoahidi kilikuwepo. Lakini tulikuwa tumeelekea ukutani, na ukutani hakuna wa kumwambia neno. Ukitaka kumtania mtu unaona sikio lake tu. Tukavuta kimya. Sijawahi kusikia kimya kwa Mama Abbo, hata siku ya mvua ya mawe.

Wageni wa Iyolwa wakaingia. Wakakuta watu wanane wamewapa migongo, vichwa vimeinama, taa nyekundu inawaka na kuzima, na juu ubao wenye jina langu. Kiongozi wao, Patricia, alisimama langoni. Akajifunga leso vizuri, akamsogelea Mama Abbo na kumuuliza polepole huyo Bwire amefariki lini.

Kabla hajajibiwa wenzake walishaanza wimbo wa faraja. Walikuja na kuku wa zawadi, wakamgeuza rambirambi. Mzee Ojangole alimpokea kwa mikono miwili kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Nikasimama kuwaonyesha kwamba niko hai. Nikakanyaga mpira. Vibanio vikaruka vyote pamoja, maji yakazoa kofia ya mzee ya kanisani na kuipeleka kwenye migomba. Hakuna aliyeungua, niandike hivyo. Wote walikimbilia jikoni, na Olweny, mnafiki yule, alikuwa ameficha huko chungu cha zamani, kimejaa wimbi, na birika motoni. Kufumba na kufumbua wote wamekizunguka, wenyeji na wageni, wanacheka. Patricia aliusimulia msiba wangu mara tatu.

Mimi nilibaki ukutani na ndoo nane. Taa ilikuwa bado inawaka.

18 Novemba, Jumatatu

Mzee Ojangole hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliutoa mrija wangu kwenye fungu, akauchomeka peke yake juu kwenye nyasi za paa. "Leta mbuzi kwanza. Mengine tutaongea."

Nikamwambia mfumo haukushindwa, watumiaji ndio hawakuwa tayari. Hakuna aliyenikaribisha kiti. Nyumbani vicheko vyao vinavuka barabara na kuingia dirishani. Nerima ameandaa ugali. Nimeusogeza kando. Niliumia, nasema wazi kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

21 Novemba, Alhamisi

Nerima amemfungua mbuzi wake mwenyewe. Amemfuga muda mrefu kwa ajili ya mabati ya jiko letu, ambalo linavuja. Hakugombana. Alimpeleka kwa Mama Abbo peke yake, mimi nikifuata nyuma nikimweleza kuwa ni mkopo. Hakugeuka. Alisema tu kwamba jiko litaendelea kuvuja na mimi ndiye nitakayepikia humo mvua ikinyesha.

24 Novemba, Jumapili

Nilivaa shati jeupe. Mzee Ojangole akauteremsha mrija wangu, akaufuta vumbi, akapita mbele yangu na kumkabidhi Nerima. Alisema mbuzi ni wa Nerima, kwa hiyo kiti ni cha Nerima. Watu wakapiga makofi. Nerima alikaa kama aliyezaliwa pale.

Mimi nimepewa birika na Mama Abbo. "Sasa mugongo yangu imepata mufumo," akasema, akanyoosha miguu.

Nimezunguka jioni nzima. Ni kweli kila nikipita mtu huinua uso na kusema neno. Olweny alinitazama akingoja nikiri. Sikukiri kitu. Huenda wanashtushwa na mvuke.

Lakini birika ni zito. Mkono unauma. Hapo ndipo nilipoliona wazi: gurudumu la baiskeli, reli nyembamba ya kuzunguka chungu, birika linaning'inia na kwenda lenyewe. Taa bado nzima. Na mbuzi wa Nerima, nikimtazama vizuri, ni mkubwa kuliko yule wa kwanza. Kuna mguu mzima wa ziada pale.

Nerima ameniona nikitazama. Amehamisha kiti chake, sasa ameketi kati yangu na mbuzi. Si neno. Kipimo nilishakichukua.