Habari za Luhaga, Aliyetoka Kisesa Akafika Igoma kwa Miguu

Jeshi limekwisha kuondoka. Enyi mlio vitini na mlioegemea ukuta, tulieni upesi, maana vumbi la Kisesa liko nyuma yetu tayari, na mbele yetu, katika suti ya Kaunda ya rangi ya majivu na viatu vyenye ncha kama mtumbwi, anakwenda Luhaga, simba wa benchi, mtunza kivuli, mtu ambaye tangu astaafu kiwanda cha pamba hajapata kwenda kwa miguu mahali ambapo gari lingemfikisha. Ee ziwa letu, wewe uliyeona wengi wakipita, nipe pumzi nisimulie, mimi nilikuwamo. Nimezurura kutoka Kigoma mpaka Musoma, lakini kutembea kama kule, mwaka ule wa tisini na sita, sijakuona tena.

Asili ya vita vile ni hii. Nesi Bernadetta, binti wa Bukoba, alikuwa akiwazungukia nyumbani wagonjwa ambao hospitali imekwisha sema hawatapona. Akiwaosha, akiwageuza, akiwapa dawa ya maumivu, na njia yote ni miguu yake. Wa kwanza alipata dawa kwa saa yake. Wa mwisho, ng'ambo ya Igoma, aliipata akiwa amekwisha kulia. Ndipo kina mama wa parokia wakaitisha matembezi ya hisani, wakamwomba Luhaga awe mgeni rasmi. Akakubali kabla hawajamaliza kusema, kwa kuwa tangu dunia iumbwe mgeni rasmi hukaa chini ya turubai, hunywa soda, husoma hotuba. Hakuna aliyemwambia kwamba katika matembezi mgeni rasmi ndiye anayetangulia.

Naye Chenge, mnunuzi wa pamba, mmoja wa matajiri wapya walioota baada ya serikali kuachia biashara, aliposikia alicheka mpaka akashika nguzo. Akanena mbele ya watu: "Luhaga akifika Igoma kwa miguu, nesi anapata baiskeli mpya. Akipanda chochote chenye magurudumu, baiskeli inarudi dukani."

Tazameni basi hila za adui. Chenge alikuja na pikapu, baiskeli imesimama nyuma inameremeta, akaendesha polepole ubavuni mwa shujaa, mlango umeachwa wazi.

"Ngosha," akasema, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamume, "kiti hiki kina sponji."

"Sponji ni ya walegevu," akajibu Luhaga. "Mimi ni uzao wa watu waliofuata ng'ombe kutoka Shinyanga hadi ziwani."

"Hao walivutwa na ng'ombe. Wewe unavutwa na tumbo."

Mama mmoja mwenye beseni la dagaa kichwani akatupita, akaenda akauza, akarudi na beseni tupu akatukuta hatujafika popote. Akapiga goti kidogo mbele ya suti.

"Shikamoo baba. Poleni na msiba. Nani amefariki?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyefariki. Tunatembea tu."

"Mnakwenda wapi?"

"Igoma."

Akautazama mlango wa pikapu ulio wazi, akatutazama sisi. "Haya. Poleni hivyo hivyo."

Kwenye mwinuko wa kuingilia Igoma viatu vilimwasi bwana wao. Luhaga akaketi juu ya jiwe, akahutubia: "Enyi wenzangu, iambieni historia kwamba Luhaga hakushindwa na adui. Ameshindwa na kidole cha mwisho cha mguu wa kulia."

Chenge akazima injini. Akafungua soda, nasi tukaisikia ikitoa pumzi.

Bernadetta, aliyekuwa akitembea nasi, akatazama saa yake. "Mzee Luhaga, mimi natangulia."

"Hunisihi niinuke?"

"Sikusihi. Saa sita dawa ya mzee Shimba inakuwa imekwisha nguvu."

"Shimba yupi? Wa mizani, pale kiwandani?"

"Huyo huyo."

"Nimesikia mgongo unamsumbua. Ningekwenda kumwona, ila kwake gari haliendi."

"Mgongo huo ndio unaomuua, mzee," akasema nesi, akaenda zake, na hatua zake hazikuwa za matembezi.

Luhaga akainama. Kisha akavivua vile viatu, akavitupa kwenye kiti chenye sponji, akasimama katika soksi, na kidole gumba kikatokeza kama jemadari anayechungulia uwanja wa vita. Akaupanda mwinuko, kokoto zikimpiga mikuki, jua likimmwagia moto, mbuzi wakimpisha, jasho likiibadilisha suti ya majivu kuwa ya masizi, mpaka kina mama wa Igoma wakamwona na vigelegele vikapasua mbingu.

Chenge alikuwa mtu wa neno lake. Akaishusha baiskeli. Lakini nesi hakuwapo kuipokea.

"Umeshinda, ngosha. Sasa panda nikurudishe."

"Kwa Shimba gari haliendi," akasema Luhaga, akaishika usukani, na kwa kuwa kuendesha hakujua, akaisukuma katikati ya mihogo, nasi nyuma.

Shimba alikuwa kitandani, dawa imeanza kumtuliza. Akaziona zile soksi.

"Umekuja na nini?"

"Miguu."

Akamgeukia nesi. "Mwanangu, mlikuwa mnanificha. Kama Luhaga amenijia kwa miguu, basi kweli nakufa."

Bernadetta akatukataza kucheka, kicheko kitamuumiza mgonjwa, kisha akaanza yeye.

Andikeni, enyi waandishi wa tarehe: wapo waliovuka majangwa, wapo waliolizunguka ziwa lote. Luhaga alifika Igoma, na akapitiliza.

Chenge alifilisika bei ya pamba ilipoanguka. Anauza mitumba Buhongwa. Kina mama walitembea tena mwaka uliofuata, wakaalika mgeni rasmi mwembamba. Bernadetta aliiendesha baiskeli ile miaka saba, akarudi kwao. Mimi nilihamia Geita. Luhaga alikwenda kwa Shimba kila Jumapili, akilalamika njia nzima. Shimba alifariki Jumanne ya wiki ya tano, nyumbani kwake. Dawa ilikuwa imefika kwa saa yake.